Shangazi, nilidharau ile barua pepe na mwanangu akaugua

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Nyakato hapa Mwanza. Ni katibu wa kikundi cha wafanyabiashara wa dagaa pale mwaloni Kirumba. Kazi yangu ni kuandikisha mizigo, kufuatilia malipo na kujibu barua pepe za wateja wetu wa Kahama, Tabora, Bujumbura na Lubumbashi.

Mwezi wa tatu nilipata barua pepe kutoka kwa baba yangu mkubwa, mwalimu mstaafu anayeishi Nansio, Ukerewe. Ndiye aliyenisomesha. Wanawe walimnunulia simu janja mwaka jana, na tangu hapo anatutumia ujumbe usiku na mchana. Hiyo barua ilisema imezunguka dunia mara tisa, kwamba nikiituma kwa watu 12 ndani ya saa 96 nitapata bahati, na kwamba ofisa mmoja wa jeshi aliidharau akafiwa na mkewe. Nikaifuta. Siku ya nne, usiku, mwanangu mdogo akashikwa na degedege. Tulimkimbiza hospitali, akakutwa na malaria kali, akalazwa siku tano. Namshukuru Mungu amepona. Lakini Shangazi, nikiwa nimekaa kwenye benchi pale wodini, nilikuwa nahesabu kwa vidole zile saa 96.

Tuliporudi nyumbani nikakuta baba mkubwa ametuma nyingine, ya mtoto wa miaka 7 mwenye saratani. Eti kila barua pepe ikitumwa, kampuni fulani inachangia senti kadhaa za matibabu yake. Safari hii sikuthubutu kufuta. Nilikuwa ofisini na barua pepe ya kikundi iko wazi, nikaituma kwa wateja wote 86 kwa mpigo. Kila mmoja aliziona anwani za wenzake.

Wiki mbili baadaye mteja wa Kahama akanipigia kuuliza kwa nini tumebadilisha akaunti. Alikuwa amepata barua pepe yenye jina la kikundi chetu, inayomtaka alipie magunia 40 kwenye namba mpya. Bahati nzuri alipiga kabla ya kulipa. Wateja wengine wawili wamepata kama hiyo. Mwenyekiti anasema mimi ndiye niliyewafungulia wezi mlango.

Naomba unijibu mambo matatu. Je, nilimponza mwanangu? Barua za namna hii nitazijuaje? Na nitamwambiaje baba mkubwa bila kumvunjia heshima? Kwenye grupu la ukoo binamu yangu alimwandikia, "Mzee, acha kutuma uongo," na tangu siku hiyo hajaandika hata salamu.

Katibu wa Kirumba

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa kuuguza, na pole kwa kulibeba jambo hili peke yako tangu mwezi wa tatu.

Naanza na mtoto, maana najua mengine yote utayapita haraka ukilitafuta jibu hilo. Hapana, hukumponza. Wala sisemi hivi ili kukubembeleza, tuhesabu pamoja. Malaria inayotusumbua zaidi kanda hii ya ziwa inaletwa na kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum. Mbu akishamuuma mtu, kimelea hicho hukimbilia kwanza kwenye ini, kikazaliana humo kimyakimya, ndipo kinaingia kwenye damu na homa inaanza. Kwa kawaida hapo katikati hupita siku 7 hadi 14. Mwanao aliugua siku ya nne baada ya barua. Maana yake ni kwamba wakati barua inaingia kwenye simu yako, mbu alikwishamaliza kazi yake na ugonjwa ulikuwa tayari mwilini mwa mtoto. Ungeituma kwa watu 12, ungeituma kwa watu 1,200, homa ingekuja vilevile. Kilichomwokoa ni miguu yako usiku ule, na dawa aliyopewa kwa wakati.

Sasa tuangalie hofu yenyewe ilipandwaje. Ile barua haikukutabiria malaria. Haikutaja mtoto wala homa. Ilichofanya ni kukupa saa ya kuhesabia, kisha ikakuacha uitafutie janga mwenyewe. Ungekuwa hujaisoma, usiku ule ungekuwa usiku wa malaria kama ambao kila mama wa Mwanza ameshaupitia.

Mwaka 2002 ilizunguka barua pepe nyingine iliyofanya hivyohivyo kwa njia tofauti. Iliwaambia watu kwamba kompyuta zao zimeingiliwa na kirusi ambacho programu za kinga haziwezi kukiona, na kwamba wakitafuta faili liitwalo jdbgmgr.exe watalikuta limejificha, lina picha ya dubu mdogo. Watu wakatafuta, wakalikuta kweli, lina dubu wake. Wakapiga kelele, wakalifuta, wakawaonya rafiki zao wote. Kumbe lile faili liliwekwa na watengenezaji wa Windows wenyewe, halikuwa na ubaya wowote. Barua iliwaonyesha kitu kilichokuwa nyumbani kwao siku zote na kukiita ushahidi. Wewe ulionyeshwa homa, mwanangu, na homa kwetu haikosekani.

Tena zifikirie namba. Mtu mmoja akituma kwa 12, nao kila mmoja kwa 12, hatua ya tatu ni watu 1,728. Hatua ya sita ni 2,985,984. Hatua ya saba inapita milioni 35, wakati Mkoa wetu wa Mwanza wote, kwa sensa ya 2022, una watu 3,699,872. Si kila mtu anatii, kwa hiyo haifiki huko, lakini hata ikifika kwa watu elfu hamsini, ndani ya siku nne zozote kuna watakaougua, watakaofiwa, na watakaopata kazi waliyoisubiri mwaka mzima. Aliyepata kazi atasimulia kwamba aliituma. Aliyefiwa atajilaumu kwamba aliifuta. Walioifuta na wasipatwe na lolote, ambao ndio wengi kuliko wote, hawana cha kusimulia, kwa hiyo hutawasikia.

Niliipata barua hiyohiyo mimi pia, nikiwa bweni, kidato cha pili, miaka ya themanini. Haikuja kwa simu. Ilikuja kwenye bahasha ya khaki isiyo na jina la mtumaji, imeandikwa kwa mkono, ikinitaka niinakili mara 20. Nilichana karatasi za katikati ya daftari la hesabu na kukaa na kibatari baada ya taa kuzimwa. Kwenye nakala ya 11 vidole vilikuwa vimekufa ganzi, nikaruka sifuri moja kwenye fedha ambazo barua ilidai yule ofisa wa jeshi alizipata. Nikaiona. Sikuirudia. Nikaikunja hivyohivyo nikamtumia binamu yangu Musoma, na pesa ya stempu ilikuwa ile ya sabuni.

Miaka mingi baadaye nilisoma kazi ya wanasayansi Charles Bennett, Ming Li na Bin Ma iliyotoka mwaka 2003. Walichukua nakala 33 za barua hiyo, zilizokusanywa kati ya 1980 na 1995, wakazilinganisha kwa kompyuta kama vinavyolinganishwa vinasaba vya wanyama, mpaka wakazichorea ukoo: ipi imezaa ipi. Majina yamepinda njiani na kiasi cha fedha kimebadilika kutoka nakala moja hadi nyingine. Nilipofika hapo nikaikumbuka sifuri yangu. Ofisa, fedha, mke aliyekufa, vyote vinaweza kupotea au kubadilishwa na mwanafunzi mwenye usingizi, na barua ikaendelea kuishi. Sentensi moja tu haiwezi kupotea, ile inayosema nakili, tuma. Nakala iliyoikosa hiyo hufia kwa mtu wa kwanza.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la pili. Usianze kwa kujiuliza kama habari ni ya kweli, maana uongo mzuri unafanana na ukweli. Jiulize ujumbe unataka kidole chako kifanye nini. Habari ya kweli inakutaka ujue kitu, au uchukue hadhari wewe mwenyewe. Mganga mkuu akitangaza kipindupindu anakutaka uchemshe maji, hakupi idadi ya watu wa kuwatumia wala muda wa mwisho. Ujumbe ukikutaka kabla ya yote uusambaze, na ukakuhesabia watu na saa, basi unajitafutia uhai wake tu.

Wataalamu wa usalama wa kompyuta wa Wizara ya Nishati ya Marekani, ofisi iliyojulikana kama CIAC, waliwahi kueleza kwamba barua za aina hii zina viungo vitatu, na mtu wa mwaloni atavielewa upesi: chambo, kitisho na ombi. Chambo ni kile kinachokufanya usimame usome: bahati, fedha za bure, mtoto mgonjwa. Kitisho kinakuzuia usiache: ukidharau utafiwa, au mtoto atakufa na damu yake iwe juu yako. Ombi ni tuma kwa wote unaowapenda. Zichukue hizo barua mbili za baba mkubwa uzisome tena taratibu ukivitafuta viungo hivyo. Utavikuta.

Ya mtoto wa saratani inaniuma zaidi, kwa sababu uliituma ukiwa umetoka kulala chini ya kitanda cha mwanao hospitalini. Hakuna mama angeifuta siku ile. Lakini jua hili: hakuna mtu duniani mwenye mita ya kuhesabu barua pepe inayosambazwa. Inatoka kwenye seva yako inaingia kwenye seva ya mpokeaji, na akiituma mbele, kwa kawaida aliyeiandika mwanzo hapati taarifa. Kampuni itachangiaje kwa hesabu isiyokuwepo? Hata umri ni uleule wa zamani. Mwaka 1997 ilizunguka dunia barua ya msichana wa miaka 7 aliyeitwa Jessica Mydek, kwamba Chama cha Saratani cha Marekani kitapata senti tatu kwa kila nakala. Chama chenyewe kikalazimika kutangaza kwamba hakihusiki. Mtoto huyo hakuwepo.

Na zipo zilizoanza na ukweli. Mwaka 1989 mtoto wa Uingereza, Craig Shergold, alikuwa na uvimbe kwenye ubongo, na familia yake ikaomba atumiwe kadi nyingi avunje rekodi ya dunia. Rekodi ikavunjwa mwaka 1990, kwa kadi zaidi ya milioni 16. Mwaka 1991 akafanyiwa upasuaji Marekani, akapona, akakua akawa mtu mzima. Kadi ziliendelea kumiminika miaka na miaka, ingawa mama yake aliomba watu waache. Ombi lile halikuwa na tarehe, kwa hiyo kila aliyelipokea alidhani mtoto anakufa wiki ile. Ndiyo maana nakusihi: ukikosa tarehe kwenye ujumbe, ukakuta "kesho", "wiki hii", "hivi karibuni", mkono wako usimame.

Wengi hapa watajitetea kwa methali ya lisemwalo lipo. Kwa majungu ya mtaani huenda ikafaa. Kwa barua iliyonakiliwa na watu milioni wasiojuana, aliyelisema la kwanza hajulikani, na hakuna wa kumrudia kumuuliza. Chukua sentensi moja nzima ya ujumbe, iweke ndani ya alama za kunukuu, itafute kwenye intaneti. Mara nyingi utaikuta imeandikwa zamani, mtoto yuleyule, hospitali tofauti. Na kwenye WhatsApp, ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, ujue umeshapitishwa kutoka mkono hadi mkono mara tano au zaidi.

Sasa kikundi. Siwezi kusema kwa hakika kwamba wezi walizipata anwani kwenye barua uliyotuma, lakini njia hiyo ipo: barua ya mnyororo hutembea na anwani za wote waliopita, na inapofika kwa mtu mbaya anakuta orodha ya wateja imepangwa tayari, na jina la kikundi juu yake. Leo, kabla ya soko kufungwa, wapigie wateja wote 86 kwa namba za simu mlizonazo kwenye daftari, si zile zilizo kwenye barua za kutilia shaka. Waambie akaunti haijabadilika, na kwamba ikibadilika siku yoyote mwenyekiti atapiga simu mwenyewe. Badilisha nywila ya barua pepe na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Muombe mteja wa Kahama akusomee herufi kwa herufi anwani iliyomwandikia. Mara nyingi utakuta herufi moja imebadilishwa au namba moja imewekwa mahali pa herufi. Kama si hivyo, na anwani ni yenu kabisa, basi wameingia ndani ya akaunti, na hilo ni zito zaidi: itoe kwenye vifaa vyote na ukaripoti polisi siku hiyohiyo. Namba ya simu waliyotaka itumiwe pesa itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, ambayo TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliiweka kwa ajili ya kuripoti matapeli. Na siku nyingine ukiandikia wateja wengi, anwani zao ziweke kwenye sehemu ya Bcc, ili kila mmoja aone yake tu.

Mwenyekiti mwambie ukweli wote, hata ule wa wodini. Kuhusu sheria, kama linakusumbua: kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamlenga anayechapisha habari akijua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha. Wewe hukujua. Ila adhabu iliyowekwa, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, inatosha kumfanya yeyote asome mara mbili.

Nimemwacha baba mkubwa mwisho kwa sababu yeye anahitaji muda.

Binamu yako alikosea, na kosa lake ni kubwa kuliko la mzee. Fikiria mtu aliyefundisha maisha yake yote, aliyezoea kusikilizwa na watoto hamsini darasani. Sasa amekaa Nansio, wanafunzi wameondoka, watoto wako mbali, na mkononi ana kitu kinachomwezesha kuwafikia nyote kwa mara moja. Anapata barua inayosema watu anaowapenda wako hatarini. Atafanya nini zaidi ya kuwaonya? Alichowatumia ni mapenzi, ila yamebebwa na chombo kibovu. Na mlimjibu mbele ya wajukuu kwamba ni mwongo.

Usimrekebishe kwenye grupu, hata kwa maneno laini. Nenda. Kabla ya kwenda, pita steshenari uchapishe zile barua mbili kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, na ununue kalamu nyekundu. Ukishakula, ukishasalimia jirani wote, mwambie: "Baba, hizi zimenishinda, naomba unisahihishie." Kisha nyamaza.

Yeye ndiye aliyewafundisha watu barua rasmi. Ataitafuta anwani ya mwandishi upande wa kulia juu, haipo. Ataitafuta tarehe, haipo. Ataangalia YAH ni nini, hakuna. Atashuka chini kutafuta jina na sahihi, hatakuta. Ataona "ofisa mmoja", "daktari mmoja", "kampuni moja", na ninavyowajua walimu wa zamani, kila "mmoja" atauwekea duara. Akifika mwisho atakuwa amejua zaidi ya nilivyoandika hapa, na atakuwa amejua mwenyewe.

Hapo mwombe kazi. Mwambie ukoo unapata ujumbe mwingi na hakuna wa kuukagua. Kuanzia sasa kila mtu akipata wa kutilia shaka atautuma kwake kwanza, autie kalamu kabla haujaenda kokote. Akikubali, wewe uwe wa kwanza kumtumia, kwenye grupu, mbele ya wote: "Baba mkubwa, naomba utuangalizie hii." Binamu yako naye aombe radhi hapohapo alipokosea.

Ule usiku wa wodini na zile saa 96 usimwambie siku hiyo. Ipo siku utamwambia, akishakuwa na nguvu ya kulisikia bila kujilaumu.

Na mchukue mtoto muende naye. Babu yake amwone anavyokimbia.